Biri za Meza ya Kwanza

Kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kuchoma vitu ambavyo wenzake walitoka jasho kuvitengeneza. Kila asubuhi, mafundi wa karakana wakishakunywa chai, aliingia kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja, akafunga mlango ili upepo usimharibie kazi, akachukua biri moja kutoka kwenye kila fungu, akaiwasha na kukaa kuitazama. Wengine huvuta biri, yeye alizisoma. Ndiyo maana walimwita Majivu, na jina likamganda hata nyumbani, ambako mke wake alilitumia akiwa amekasirika tu.

Kwa asiyezijua, biri ni zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono, majani matupu ndani na nje, bila karatasi. Ndani hukunjwa majani kadhaa pamoja, kisha juu yake huviringishwa jani moja laini, zuri kuliko yote, ambalo mafundi wa pale waliliita shuka. Biri iliyosokotwa vizuri, moto wake hushuka sawasawa pande zote, na mstari kati ya jani na jivu huwa mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Jivu lenyewe huwa jeupe-jeupe, gumu, likakaa kichwani urefu wa kiungo cha kidole bila kuanguka. Lakini biri zina vituko kama watu. Iko inayotoa jivu lililochanua kama bisi, likakumwagikia shati kabla hujageuka. Iko ambayo moto wake huchimba handaki katikati, shuka ikabaki nzima kwa nje, mfano wa nyumba iliyoungua ndani kuta zikiwa zimesimama. Na iko inayoungua upogo: upande mmoja unakimbia, wa pili unabaki nyuma, mpaka kichwa cha biri kinakuwa kama kalamu iliyochongwa na mlevi. Kila kituko kina sababu yake, na Majivu alizijua zote. Au alidhani anazijua.

Aliyemfundisha ni shangazi yake, dada wa baba yake. Alipofiwa na baba akiwa na miaka kumi na tisa, hana mbele wala nyuma, shangazi alimshika mkono akampeleka karakana, akamwambia mwenye karakana, "Huyu ni damu yangu. Mikono yake mizito, hatasokota hata akifufuka. Lakini ana macho." Shangazi alikuwa msokotaji wa meza ya kwanza, meza iliyo karibu na mlango, na kwa kuwa aliikalia tangu karakana inafunguliwa, watu walimwita Bi Meza. Mafundi wapya waliletwa kusimama nyuma yake waone vidole vyake vinavyopita juu ya jani kama mtu anayelaza mtoto. Biri zake Majivu alizichoma kwa kutimiza wajibu tu. Mara nyingi aliandika daftarini kabla haijafika nusu: meza ya kwanza, sawa.

Kisha kikaja kiangazi kimoja kikali. Hewa ilikauka mpaka milango ikapasuka, na majani yakawa yanavunjika kama karatasi kuukuu. Biri zilizokuwa ghalani, ambako huwekwa wiki tatu zitulie kabla ya kupakiwa, zikaanza kupasuka shuka. Zikiwashwa zinakimbia kama zimeitwa, jivu linachanua na kuanguka. Mwenye karakana alikuwa anatembea huku na huku ameshika kiuno. Majivu akapata wazo. Alinunua beseni pana la bati, akalijaza maji, akalisukuma chini ya rafu za ghala, moja kwa moja chini ya ubao wa chini kabisa. "Maji yatapanda hewani taratibu," alisema, "na biri zitakunywa."

Zikanywa kweli. Baada ya siku kumi jivu lilirudi kuwa gumu. Mwenye karakana alisimama katikati ya meza zote akasema, "Mnamwona huyu? Huyu ana kichwa!" Watu wakapiga makofi. Shangazi yake alipiga kuliko wote, akaongeza, "Niliwaambia ana macho. Kichwa sikujua, amekipata huku huku."

Wiki tatu baadaye biri moja ya meza ya kwanza iliungua upogo.

Majivu aliigeuza, akadhani labda aliiwasha vibaya. Akachukua nyingine. Nayo ikaenda upogo. Ya tatu hivyo hivyo: upande mmoja moto umeshuka sana, upande wa pili shuka bado ya kahawia, imebaki kama ulimi. Alichungulia meza ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Hizo zote ziliungua vizuri.  Upogo, kwa jinsi alivyofundishwa, ni mkono uliobana upande mmoja na kulegea upande mwingine. Na mikono ya meza ya kwanza ilikuwa na miaka sitini na saba.

Alifikiria kuandika "sawa". Lakini akajiambia kwamba kazi ni kazi, hana shangazi ndani ya chumba kile. Hapo alijisikia mtu wa haki, na hilo lilikuja kumwuma kuliko mengine: kwamba siku ile alijisikia vizuri. Akaandika: meza ya kwanza, upogo.

Aliandika hivyo mwezi mzima. Wakati huohuo hoteli moja ikarudisha boksi zima, na barua ya wageni kulalamika kwamba biri zinaungua upande. Boksi lilikuwa na alama ya meza ya kwanza. Mwenye karakana hakuwa mtu mbaya. Alimwita Bi Meza ofisini, akampa kiti, akamwambia ametumika vya kutosha, apumzike sasa. Siku ya kuagwa walimletea keki na saa ya ukutani. Alicheka, akawatania mafundi kwamba sasa watasokota vibaya kwa amani.

Lakini kabla ya kutoka alimfuata mpwa wake ghalani, akafunga mlango nyuma yake. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu.

"Baba, wewe ndiye uliyezisoma. Hawa wengine wananionea haya. Niambie wewe. Mikono yangu imekwisha?"

Majivu alitazama ile mikono, ina madoa ya majani yasiyotoka hata kwa sabuni.

"Umri, shangazi," alisema. "Hata chuma hulika."

Bi Meza alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. "Haya," akasema. "Afadhali nimesikia kwako." Kile kisu chake cha nusu mwezi, cha kukatia majani, alikiacha juu ya meza. Alisema hana tena cha kukata.

Meza ya kwanza akapewa fundi mgeni, mwanamume wa makamo kutoka karakana nyingine, mwenye sharubu zilizomfunika mdomo wa juu na maneno mengi chini yake. Walimwita Sharubu siku ileile ya kwanza. Alikuwa hodari, hilo halikuwa na ubishi. Wiki tatu zikapita, biri zake za kwanza zikaletwa kwenye chumba chenye dirisha moja. Majivu akawasha.

Upogo.

Akawasha ya pili akiwa amesimama. Upogo. Akamwita Sharubu, akamwonyesha.

"Mimi?" Sharubu aliishika ile biri kama mtu aliyeokota mjusi. "Miaka kumi na tisa nasokota! Hiyo si yangu. Nani ameikalia hiyo?"

Neno hilo la kukalia lilimpeleka Majivu ghalani. Rafu zilipangwa kwa namba kutoka chini: meza ya kwanza ubao wa chini kabisa, ya pili juu yake, na kuendelea mpaka karibu na dari. Biri zililazwa safu moja, hazigeuzwi. Alichukua tano kutoka ubao wa chini, na kabla ya kuziinua alizitia kila moja alama ya chaki upande uliolalia ubao. Akarudi chumbani, akafunga mlango, akaziwasha moja baada ya moja.

Zote tano, upande uliobaki nyuma ulikuwa ule wenye chaki.

Alirudi akapiga magoti sakafuni, akapitisha kiganja chini ya ubao. Ulikuwa umelowa, unatoa jasho kama glasi ya maji baridi. Chini yake, beseni lake la bati, limejaa mpaka ukingoni, maana alikuwa analijaza mwenyewe kila Jumatatu bila kukosa. Jani lenye unyevu huungua polepole. Hilo hata mtoto wa msokotaji analijua. Biri za juu zilipata hewa laini. Za chini zilikuwa zinalala juu ya kitanda chenye maji, na mikono ya shangazi yake haikuwa na kosa lolote.



Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, maana mpaka hapo alikuwa amekosea tu, na nani asiyekosea? Angeweza kutoka, akatembea hatua thelathini mpaka ofisini, akasema. Alisimama kabisa ili afanye hivyo. Kisha akakumbuka makofi. Akakumbuka "huyu ana kichwa". Akafikiria uso wa mwenye karakana, na wa mafundi wote kumi na wawili, na akaona kwamba si lazima iwe leo. Alilimwaga beseni uani, akalificha nyuma ya magunia, akatundika matambara yenye maji karibu na dirisha la ghala badala yake. Akamwambia Sharubu kwamba lile fungu la majani halikutulia vizuri, asijali. Ukurasa wa daftari wa siku ile hakuuandika.

Wiki chache baadaye biri za meza ya kwanza ziliungua sawa kama zamani. Mwenye karakana alichungulia daftari, akatabasamu kwa huzuni.

"Unaona? Kumbe kweli ilikuwa mikono ya bibi yetu, masikini."

"Ndiyo," alisema Majivu.

Neno moja tu. 

Alikuwa na desturi ya kwenda kwa shangazi kila Jumamosi. Akaanza kukosa. Mara kichwa, mara kazi za nyumbani. Akawa anamtuma mke wake na mkate na sukari. Mke alirudi na habari ambazo hakuziomba: shangazi ameacha kushona. Shangazi ameweka vikombe vyake vya udongo kabatini, siku hizi anatumia vya plastiki. Shangazi anamwomba jirani amtilie uzi kwenye sindano, kisha haitumii hiyo sindano.

"Amezeeka ghafla," mke alisema. "Kama aliyeambiwa."

Majivu aliinuka akaenda kufunga dirisha lililokuwa tayari limefungwa.

Mwezi wa tatu binti yao alijifungua mtoto wa kwanza. Ndugu walijaa sebuleni, kila mmoja anamtaka mtoto, wakimpokezana kama zawadi. Shangazi naye alikuja, amevaa vizuri, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Binti alimpelekea mtoto. "Bibi, mpokee kitukuu wako."

Bi Meza aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Hapana, mama. Nitamwangusha."

"Bibi! Mtoto mwenyewe mwepesi kama mkate!"

"Hii mikono imekwisha," alisema akicheka, kama anayesimulia kichekesho. "Mwulize baba yako. Yeye ndiye mtaalamu, alinipima."

Watu wakacheka. Macho yakamgeukia Majivu, yakimngoja aseme la kuchekesha.  Alitoka nje, akasimama kwenye ukuta wa nyuma karibu na pipa la taka mpaka wageni walipoondoka.

Kesho yake, mchana wa saa nane, aligonga mlango wa shangazi. Alikuta anachambua mchele, polepole sana, punje moja moja. Hakukaa alipokaribishwa. Alisema yote akiwa amesimama, haraka haraka, macho sakafuni: beseni, ubao wa chini, chaki, Sharubu, ukurasa alioacha.

Bi Meza alisukuma sinia pembeni. Hakupiga kelele. Aliuliza maswali kama fundi anayekagua kazi ya mwingine.

"Beseni lilikuwa chini ya rafu yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na uliponiambia umri, ulikuwa unajua?"

"Hapana. Wallahi siku ile sikujua. Niliamini."

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tisa."

Alihesabu kwa vidole, wa tisa, wa kumi, mpaka akafika. "Miezi sita," akasema. "Miezi sita nimeamka kila asubuhi nikaitazama hii mikono kama mwizi aliyeingia nyumbani kwangu. Nimeacha kushona. Jana nimemnyima mtoto wa watu mapaja, mtoto wa damu yangu, nikaikalia mikono! Na wewe ulikuwa umekaa palepale."

"Nisamehe, shangazi."

"Beseni nimeshakusamehe, hilo ni la maji. Hata mimi ningeliweka hapo hapo." Alisimama, akaenda dirishani, akampa mgongo. "Lakini huko kunyamaza kwako sijui nikuweke wapi, baba. Sina kabati lake."

Majivu alipiga magoti. Bi Meza hakugeuka.

"Usinipigie magoti mimi, nyumba haina watu. Nenda kaseme kule nilikoaibikia. Si ofisini, mezani. Wote wakiwa wamekaa."

Alikwenda asubuhi iliyofuata. Aliwangoja wamalize chai, akasimama mbele ya meza ya kwanza, beseni mkononi, maana aliogopa kwamba bila hilo beseni maneno yatamkimbia. Akasema. Alipofika mahali pa mikono ya Bi Meza, mwanamke wa meza ya tano alianza kulia. Sharubu aliinuka na uso umemwiva.

"Na mimi ukaniambia majani hayakutulia! Mwezi mzima nilikuwa nalegeza mkono, najifundisha upya kama mwanafunzi. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Majivu akaendelea na maelezo yake. Mwenye karakana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Nipe ufunguo wa chumba." Kazi ya kusoma moto akapewa Sharubu aifanye asubuhi kabla ya kusokota. Majivu akapelekwa kwenye meza ya nyuma, kung'oa vishina vya katikati ya majani, kazi ya watu wanaoanza. Alikuwa na miaka arobaini.

Mchana uleule mwenye karakana alikwenda mwenyewe kwa Bi Meza kumwomba radhi na kumwomba arudi. Bi Meza alimwambia atakuja siku moja, atasokota kumi, zichomwe mbele ya watu wote. Akaja. Kwa robo saa ya kwanza vidole vilikuwa vizito, akachana shuka mbili, akatukana kidogo. Kisha mikono ikakumbuka njia. Baada ya wiki tatu, zile kumi zikiwa zimelala rafu ya juu, alirudi na Sharubu akaziwasha. Tisa ziliungua kama zilivyopaswa, mstari mwembamba, jivu limesimama. Ya kumi ikaenda upogo.

Mafundi wakainamia meza zao.

Bi Meza aliiinua, akaigeuza, akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Hii sasa," alisema, "hii ndiyo umri!" Wote wakaangua kicheko, hata mwenye karakana. Majivu alikuwa meza ya nyuma, jani mkononi. Alitaka kucheka na wenzake akaona hana ruhusa hiyo.

Bi Meza hakurudi kazini kwa kudumu. Alisema amezoea kuamka jua likiwa juu, na kwamba ana kitukuu wa kupakata, mtoto huyo asipopakatwa hanyamazi. Huenda kila Jumatano kufundisha wapya, basi.

Majivu alianza tena kwenda kwake Jumamosi. Mara ya kwanza alipewa bawaba ya mlango aitengeneze, akaitengeneza, akaambiwa asante, akaondoka. Mara ya pili ilikuwa bomba. Wakaongea habari za mvua. Mara ya sita au ya saba alikaribishwa chai, na hawakuligusa jambo lile, lakini lilikaa nao mezani kama mgeni wa tatu ambaye hakuna anayemtazama. Mke wake humwambia yamekwisha, mzee ameshasamehe, mbona anajitesa. Yeye huendelea kwenda. Anajua yaliyosamehewa ni yapi, na anajua kuna fungu halijaguswa bado.

Jumamosi iliyopita alifika akakuta kufuli. Jirani alimwambia Bi Meza amekwenda kununua uzi, hakusema atarudi lini. Majivu alikaa kwenye ngazi ya mlango. Jua lilimpita kichwani, likamfikia upande wa pili, likaanza kushuka. Mara mbili jirani alimwambia aje baadaye, mara mbili alikataa. Hatimaye alimwona shangazi anakuja taratibu, mfuko mdogo mkononi, hana haraka hata kidogo.

"Umengoja sana?" Bi Meza aliuliza.

"Kidogo tu, shangazi."

"Vizuri," alisema. Akapita, akafungua kufuli, akauacha mlango wazi nyuma yake.